Shajara ya Mradi: Matuta Mawili ya Mboga Kati ya Kuku na Wadudu

Matuta ni mawili. Kila moja lina upana wa mita 1.2, urefu wa mita 2.4 na kimo cha sentimita 30, na limezungushiwa fremu ya mbao. Upana huo unatokana na mkono wa mtu mzima: unafika vizuri sentimita 60 kutoka kila upande, kwa hiyo hakuna haja ya kukanyaga udongo. Kuku wanatembea huru mchana kutwa na wataendelea kutembea huru. Nataka kuvuna mboga bila kumfungia kuku bandani, na bila kupuliza sumu ambayo kuku huyo huyo ataidonoa kesho. Gharama naziandika kwa vipimo vya vifaa, maana bei hutofautiana kila mahali lakini mita ni ile ile.

20 Januari: Kuku watolewa matutani

Letusi ya tuta la kwanza imekwisha, na karoti zilizosiwa tuta la pili hazikuwahi kuota. Kabla ya kununua wavu wowote nilitenga muda wa kuwatazama kuku wenyewe, na namshauri kila anayeanza afanye hivyo, kwa sababu kuku anafanya mambo matatu tofauti. Anachakura: anarusha udongo nyuma kwa miguu akitafuta minyoo na mabuu, na mche ulio njiani unang'oka. Anaoga vumbi: anachimba shimo kwenye udongo mkavu na laini, analala humo na kujirushia vumbi manyoyani kupunguza chawa na utitiri. Tena anadonoa majani. Mtu akikuta majani yamekatika husema kuku wamekula mboga, lakini hapa hasara kubwa ilitoka kwenye kuchakura. Mche uliodonolewa jani moja huchipua tena. Uliogeuzwa mizizi juu, jua likiwaka, haurudi.

Tuta lililoinuliwa humvuta kuku kwa sababu zile zile zinazolifanya zuri kwa mboga: udongo haujashindiliwa, una mboji, una unyevu, una minyoo. Fremu ya sentimita 30 anairuka bila shida.

Kwa sasa matuta yamefunikwa kwa matawi ya miiba. Tarehe ya leo naiandika kwa makusudi, kwa sababu ya kinyesi kilichobaki udongoni. Kinyesi kibichi cha kuku kinaweza kubeba salmonela, na kina naitrojeni nyingi kiasi cha kuunguza mizizi michanga. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 tangu samadi mbichi iingie udongoni hadi mavuno, ikiwa sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 kwa mazao mengine kama nyanya zilizosimamishwa kwa miti. Nimeamua kufuata kipimo hicho hicho. Kwa matuta haya, siku ya 120 ni 20 Mei. Kitakachopandwa sasa lazima kiwe kitu cha kuvunwa baada ya tarehe hiyo.

1 Februari: Vizuizi vya haraka

Miche ya vitunguu imepandwa nusu ya tuta la pili, itakayokomaa Juni. Juu yake nimejaribu vitu vya bei rahisi ambavyo kila mtu huvitaja.

Vipande vya kung'aa vilivyoning'inizwa kwenye kamba viliwashtua kuku mwanzoni tu. Mara walipoona havina madhara, walichakura chini yake huku vikimetameta. Nimeviondoa. Majivu kuzunguka miche hayakumzuia kuku hata kidogo, wawili waliyaogea.

Mawe ya ukubwa wa ngumi yaliyopangwa kuzunguka shina yanafaa, ila kwa miche mikubwa iliyopandwa mbalimbali. Kwa mistari ya karoti hayawezekani.

Kilichofaulu kweli ni wavu wa waya wenye matundu ya milimita 50, uliolazwa chapa juu ya udongo na kubanwa pembeni kwa mbao. Mguu wa kuku haupati pa kushika, akiparua mara mbili tatu anaondoka. Vitunguu vinapita katikati ya matundu vyenyewe. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Ncha za waya zilizokatwa zikunjwe ndani, kwani zinachana vidole vya mkulima na nyayo za kuku. Pia wavu huu haufai kwa kabichi wala mmea wowote unaotanua majani mapema, maana shina linanenepa ndani ya tundu na kukabwa. Palizi nayo inakuwa ngumu. Nang'oa magugu yakiwa bado madogo kwa kuchomeka vidole viwili.

Gharama: mita 1.2 za wavu wa milimita 50, na vipande vya mbao vilivyokuwepo.

18 Februari: Uzio mfupi, na kwa nini umeondolewa

Kulazwa kwa wavu kunazuia kuchakura lakini hakuzuii kudonoa. Kwa hiyo nilizungushia tuta la pili uzio wa sentimita 60, wavu wa matundu ya milimita 25, nguzo kwenye pembe na papi ya mbao juu ili unyooke. Ulipendeza, lakini haukufanya kazi. Kuku anapotaka kuruka hutafuta kwanza mahali pa kutua, na ile papi ya juu ilimpa mahali hapo. Alipanda ukingo wa tuta, akapanda papi, akashuka ndani.

Nilipoiondoa papi na kuuacha wavu ulegee juu, kuku wazito waliacha kabisa. Mitemba myepesi iliendelea kuruka moja kwa moja. Kwa kuku wa aina nyepesi uzio wa mita 1.2 bado ni mdogo, na wengi huhitaji hadi mita 1.8, kimo ambacho kingenizuia mimi mwenyewe kufikia mboga.

Njia nyingine ni kupunguza manyoya marefu kumi ya ncha ya bawa moja, ili kuku akiruka ayumbe. Hayaumi yakiwa yamekomaa, na huota tena kuku anapobadilisha manyoya. Kwangu nimeikataa. Kuku wangu hawana uzio wa nje, na siku mnyama mkali akija, bawa ndilo litakalompandisha mtini.

Wavu wa uzio haujapotea: mita 7.2 zenye upana wa sentimita 60 zinahamia hatua inayofuata.

10 Machi: Makasha ya wavu, tuta la pili

Sasa tuta linafunikwa lote, juu na pembeni, kwa kasha la mbao za mbili kwa mbili lililovalishwa wavu wa milimita 25. Kimo chake ni sentimita 55, na linakaa juu ya ukingo wa fremu.

Kasha la kwanza lilikuwa kipande kimoja cha mita 2.4. Lilihitaji watu wawili kuliinua, na kila likiinuliwa upande mmoja lilipinda hadi misumari ya U ikachomoka. Mkulima aliye peke yake hatalifungua kila siku, na bustani isiyofunguliwa kila siku haikaguliwi. Nimelikata kuwa mawili ya mita 1.2 kwa 1.2. Kila moja lina kibao cha mshazari kwenye pembe za juu, na bawaba mbili upande mmoja. Mtu mmoja analifungua kwa mkono mmoja na kuliegemeza kwa kijiti.

Kukata kumeleta faida nyingine: naweza kufungua nusu ya tuta huku nusu ya pili ikibaki imefungwa, kuku wakiwa miguuni pangu.

Kuna shida iliyojitokeza ambayo wengi hawaielezi. Kuku huingiza kichwa au mdomo kwenye tundu na kula kila jani lililo karibu na wavu. Majani ya pembeni yote yalikatwa kwa mstari ulionyooka. Mistari ya nje sasa inapandwa sentimita 15 kutoka ukingoni, na vitunguu ndivyo vinakaa nje, kwa kuwa kuku wangu hawavipendi. Karoti zimesiwa ndani.

Kuhusu vifaranga: tundu la milimita 50 kifaranga hupita, na hata la milimita 25 kifaranga mchanga anaweza kujipenyeza. Lakini kifaranga wa umri huo hawezi kuruka sentimita 30 za fremu, na akishaweza hapiti tena kwenye tundu. Kwa tuta la chini ningeweka wavu wa milimita 13 sehemu ya chini.

Gharama: kila kasha limekula mita 11.8 za mbao, bila vile vibao vya mshazari. Pande zote nne za makasha mawili zinahitaji mita 9.6 za wavu wa sentimita 60, 7.2 zimetoka kwenye uzio wa zamani. Kwa hiyo wavu mpya ni mita 3.6 tu za robota lenye upana wa mita 1.2, ikiwemo mifuniko ya juu. Ongeza bawaba nne na misumari ya U. Nunua wavu uliopakwa zinki. Usiopakwa ni nafuu leo, lakini kwenye unyevu wa kila siku kutu huuwahi.

14 Machi: Pinde na neti, tuta la kwanza

Kabichi zimepandwa hapa, pamoja na mashina mawili ya maboga mwisho wa tuta. Adui mkuu wa kabichi ni kipepeo mweupe na ule nondo mdogo, Plutella xylostella, ambaye kiwavi wake ni mwembamba wa kijani, na ukimgusa hujirusha na kuning'inia kwa uzi. Wavu wa kuku hauwahusu hawa. Wanataka neti laini ya wadudu, yenye matundu ya milimita 0.8.

Kwanza nililaza neti juu ya miche moja kwa moja, kama inavyoshauriwa mara nyingi. Penye jani linalogusa neti, vipepeo walitaga mayai kupitia matundu. Neti lazima isimame mbali na jani.

Vipimo vya pinde, kwa atakayeiga: bomba la plastiki la nusu inchi, kipande cha mita 2.2. Nusu duara juu ya upana wa mita 1.2 inachukua mita 1.9 hivi, na kila mguu unashuka sentimita 15 ndani ya tuta. Pinde tano, umbali wa sentimita 60. Neti ina upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 4.2, ili ncha zote zishuke na kubanwa kwa mbao pande zote.

Sehemu hii naomba isomwe kwa makini. Kabla ya pinde nilikuwa nimetandaza neti ya plastiki ya kuzuia ndege, nyepesi, yenye matundu makubwa, na pindo lake lilikuwa limelegea chini. Mtetea mmoja alinasa mguu na kujisokota hadi uzi ukazama kwenye ngozi. Ilibidi neti ikatwe kwa mkasi uzi kwa uzi. Amepona. Neti ya aina hiyo hunasa pia ndege wa porini na nyoka, na jimbo la Victoria nchini Australia, tangu Septemba 2021, limewataka watu wanaofunika miti ya matunda nyumbani kutumia neti yenye matundu yasiyozidi milimita 5. Kipimo rahisi: kidole kikipenya, neti hiyo haifai. Neti ivutwe ikaze, pasibaki pindo la kulegea.

22 Machi: Sota ndani ya neti

Miche ya kabichi imekatwa usiku kwenye usawa wa udongo, imelala kama iliyokatwa kwa wembe. Neti ilikuwa imefungwa vizuri. Mkataji alikuwa ndani tangu mwanzo: sota, kiwavi mnene wa kijivu anayejificha udongoni mchana. Neti inayozuia adui kuingia humlinda pia aliyekwisha kuingia.

Dawa yake ni vidole. Kila penye mche uliokatwa nilifukua sentimita chache kuzunguka shina, na karibu kila mara alikuwepo, amejikunja nusu duara. Hao kuku waliwala kwa furaha. Miche ya kuziba pengo imevalishwa pete za karatasi ngumu, kipenyo sentimita 5 hivi, zikiwa zimezamishwa sentimita 3 udongoni na kubaki sentimita 5 juu. Hakuna uliokatwa tena baada ya hapo.

Kabla ya kufunga neti yoyote, geuza udongo na uuache wazi bila magugu kwa wiki mbili au zaidi. Sota asiye na jani la kula hufa au huondoka.

Gharama: karibu robo ya miche ya kabichi.

24 Aprili: Vidukari, na maboga yasiyoshika

Mambo mawili, chanzo kimoja.

Vidukari wamejaa chini ya majani ya kabichi. Neti ya milimita 0.8 haiwazuii vyema, na hata jike mmoja akipita anatosha, kwa sababu huzaa bila dume, na kwenye joto watoto wake nao huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Nje, mdudu-kibibi, mabuu ya nzi-maua na nyigu wadogo huwapunguza. Ndani ya neti wako salama.

Wakati huo huo matunda ya maboga yalikuwa yanatokea, yanageuka njano, yanaanguka. Maua ya kike hayakuwa yakipata chavua, kwani nyuki hawaingii.

Neti sasa inafunguliwa upande wa maboga alfajiri na kurudishwa kabla ya saa sita mchana, maana ua la boga hufunguka mapema na kufumba jua linapokuwa kali. Siku ambazo siwezi kusimama pale kuwazuia kuku, nachavusha kwa mkono: nachuma ua dume, navua petali zake, napaka katikati ya ua jike. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake, huwezi kulikosea.

Kwa vidukari: maji ya kasi chini ya majani, kisha maji yenye sabuni ya maji, kijiko cha chai kwa lita, jioni. Sabuni humuua yule tu iliyemgusa, kwa hiyo upande wa chini wa jani usipopata, umepoteza kazi. Halafu nikaacha neti wazi alasiri, nikiwa karibu. Baada ya muda walionekana vidukari waliovimba na kuwa kahawia, wakavu kama maganda. Hao wana buu la nyigu ndani. Majani yenye hao usiyang'oe. Chungu wanaopanda shina nao wazuiwe, kwani huwalinda vidukari ili wale utamu wanaoutoa.

Viwavi wachache walioingia neti ikiwa wazi niliwatoa kwa mkono. Wangekuwa wengi ningetumia Bacillus thuringiensis, bakteria anayeua viwavi wanapolila jani lililopuliziwa. Hupuliziwa jioni kwa sababu jua humharibu haraka.

28 Aprili: Konokono na koa

Letusi zilizosiwa 10 Aprili tuta la pili, kando ya karoti, zina matundu na njia za ute. Wavu wa milimita 25 kwa koa ni mlango wazi, na mbao zenye unyevu ni makazi. Majivu yalifanya kazi hadi umande wa kwanza. Yakilowa hayana nguvu, na yakirundikwa sana hupandisha pH ya udongo.

Kilichosaidia zaidi ni kuhamisha umwagiliaji kutoka jioni kwenda asubuhi, ili uso wa udongo uwe mkavu usiku wanapotembea. Pia nimelaza kibao chenye unyevu kati ya mistari. Kila asubuhi nakigeuza na kuwakuta wamejikusanya chini. Wanaingia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Siwapi kuku, ingawa wanawapenda, kwa sababu konokono na koa wanaweza kubeba minyoo ya koo, Syngamus trachea, inayomfanya kuku apumue kwa kutanua mdomo.

5 Mei: Mahali pa kuku wenyewe

Ningeanza upya, ningeanza na hatua hii. Kwa papi za ule uzio na mabaki ya mbao nimetengeneza kasha la sentimita 90 kwa 90, kina sentimita 25, lililojaa udongo mkavu uliochanganywa na mchanga, chini ya paa dogo lisiloruhusu mvua. Pembeni kuna rundo la majani makavu na magugu yote ya bustani. Magugu yaliyobeba mbegu nayo yanatupwa huko.

Kuku walihamia. Kasha la vumbi linajaa adhuhuri, rundo linachakurwa asubuhi na jioni, na mara chache sana naona mmoja akizunguka matuta. Wavu ulikuwa unawazuia wasifike; sasa wana pa kufanyia kile ambacho mwili wao unawataka wafanye. Rundo lenyewe linageuzwa bila jasho langu na linakwenda kwenye shimo la mboji.

12 Juni: Mavuno, na zamu ya kuku

Kabichi zimetoka safi, isipokuwa zile za pengo la sota ambazo bado ndogo; zimehamishiwa kwenye ndoo. Vitunguu vimekauka shingo na vimeng'olewa. Karoti zimenyooka, letusi ililiwa kuanzia wiki ya mwisho ya Mei, baada ya siku ya 120. Mashina ya maboga yamekwisha.

Wavu na mbao za tuta la pili ndivyo vilivyomeza zaidi ya nusu ya fedha zote. Makasha yako imara, bawaba moja imelegea. Neti ya wadudu imefuliwa na kukunjwa kivulini, maana jua ndilo huimaliza.

Neti ilipofunuliwa tuta la kwanza wiki iliyopita, kuku waliruhusiwa kuingia. Wamekula mabuu, mabaki ya majani na mbegu za magugu, na wamegeuza udongo wote. Wametoka leo. Siku ya 90 itakuwa 10 Septemba, ya 120 itakuwa 10 Oktoba. Kwa hiyo letusi na karoti zinabaki tuta la pili, na tuta la kwanza litapandwa maharage ya kutambaa, yasiyogusa udongo, tarehe 10 Julai. Pinde zitabaki bila neti laini, nyuki wapite; pembeni utafungwa wavu wa milimita 25 wenye kimo cha sentimita 60, umelegea juu, bila papi.